Ngama si feuli

Mabaharia wana methali yao: ujapita tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wengi tunaijua tangu shuleni, na tunaweza kuifafanua bila kusita: hata uzunguke vipi, mwisho utarudi pale pale pako. Lakini mrudie huyo huyo aliyeifafanua, umuulize ngamani ni wapi hasa. Atakwambia ni "ndani ya jahazi", au "chini ya meli", au kama ni kijana wa mjini, "stoo ya meli". Hapo nusu ya methali imeshampotea. Chombo cha bahari kina mahali pengi pa kuwekea vitu, na kila mahali pana jina lake. Waliotunga methali wangeweza kusema marejeo ni feulini. Hawakusema hivyo, na anayejua tofauti ya ngama na feuli anaona papo hapo kwamba wasingeweza kusema.

Naandika juu ya maneno haya mawili kwa sababu naumia nikiona yanavyotupwa chungu kimoja. Kamusi huyapa mstari mmoja mmoja, na ukiusoma mstari huo bila kuwa na jahazi akilini, yote mawili yanaonekana kuwa "sehemu ya kuwekea vitu chomboni". Mfasiri naye, akikutana na chumba cha shehena katika habari ya Kiingereza, huandika "sehemu ya chini ya meli". Akikutana na kichumba cha nyuma cha vifaa, huandika "ghala la meli". Msomaji anabaki na meli iliyojaa maghala ambayo hajui yako upande gani, ya nani, wala yanawekwa nini.

Basi tulitazame jahazi lenyewe. Lione likiwa limekaa mchangani, maji yamekupwa, limeegemea ubavu mmoja, kama yanavyoonekana Lamu au Mkokotoni. Chini kabisa kuna mkuku, ule mti mmoja mrefu unaokwenda kutoka mbele hadi nyuma, ambao chombo kizima kimejengwa juu yake. Kutoka kwenye mkuku yanapanda mataruma kulia na kushoto, mfano wa mbavu za ng'ombe, na juu ya mataruma zimepigiliwa mbao. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Sasa panda, uingie ndani, usimame katikati ya mbavu hizo. Hapo uliposimama, katika tumbo pana lililo baina ya omo na tezi, chini karibu na mkuku, ndipo ngamani.

Ukigeuka ukatazama nyuma, utaona sitaha fupi ya tezi, mahali anapokaa nahodha na anaposhika usukani yule aliye zamuni. Chini ya sitaha hiyo pana nafasi ndogo iliyofungwa, unayoingia kwa kuinama. Hiyo ni feuli. Haina upana wa ngama wala kina chake, kwa kuwa chombo huanza kubana kinapoelekea nyuma, na mbao za ubavuni zinapanda juu kukutana. Kwa ukubwa peke yake, tofauti inatosha kuonekana kwa macho. Lakini ukubwa si shina la jambo.

Shina ni swali la kilichomo ndani: ni cha nani? Ngama ni ya mzigo wa watu. Humo ndimo unamopakiwa mchele wa tajiri fulani, chumvi ya fulani, saruji, mbata, karafuu, boriti, vitu ambavyo chombo kinalipwa nauli ili kivifikishe. Feuli ni ya chombo chenyewe na watu wake: kasha la nahodha na hati zake, dira, kamba za akiba, sindano na uzi wa kushonea tanga, taa, samli na tende za njiani, dawa. Kilichomo ngamani hushushwa bandarini. Kilichomo feulini hurudi nyumbani na chombo. Ukiwa na shaka juu ya chumba chochote cha meli yoyote duniani, kipimo hicho cha kuuliza nini kinashuka na nini kinabaki kitakutoa kwenye shaka mara nyingi kuliko kipimo cha ukubwa au cha mahali.

Tofauti hii si ya mapokeo ya mabaharia wa zamani tu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969 wa kupima ujazo wa meli, ulioanza kutumika 1982, umeisimamisha juu yake hesabu nzima. Meli hupewa namba mbili. Ya kwanza hutokana na ujazo wa nafasi zake zote zilizofungwa, pamoja na jiko na vyumba vya kulala. Ya pili hutokana hasa na ujazo wa nafasi za shehena. Bandari nyingi hutoza ada kwa kutazama namba hizi, kwa hiyo mtu hawezi kuwa na ngama leo na kesho akaiita feuli ili alipe kidogo. Mkataba unataka kila nafasi ya shehena iliyohesabiwa iandikwe herufi mbili, CC, kwa alama isiyofutika, zenye urefu usiopungua milimita 100, mahali panapoonekana wazi. Nikiifikiria alama hiyo huwa nafurahi. Kile ambacho lugha yetu imekihifadhi katika neno moja la silabi mbili, mataifa yamelazimika kukiandika ukutani.

Na zamani, muda mrefu kabla ya mkataba, kipimo cha chombo kilikuwa ngama moja kwa moja. Neno "tani" lenyewe, tulilolipokea kutoka Ulaya, lilitokana na mapipa makubwa ya mvinyo: ukubwa wa meli ulitajwa kwa mapipa ambayo ingeweza kuyabeba. Kuwait na Basra walihesabu mafurushi ya tende. Chombo kikitajwa, aliyesikia alijua kina tumbo la kiasi gani. Hakuna aliyewahi kukipima chombo kwa feuli yake.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo ngama inapokuwa ngama.

Hakuna chombo cha mbao kisichovuja. Mafundi huziba nafasi za baina ya mbao kwa kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi na nyundo. Sehemu inayozama hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na mbao za juu hupakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haisahauliki. Hata hivyo bahari hupenya. Mbao hukauka juani na kujikunja, chombo kikipigwa na mawimbi hujinyonga kidogo, na kila kinapojinyonga nafasi hufunguka kadiri ya unywele. Maji ya mvua nayo huingia kwa juu, pamoja na rasharasha la mawimbi. Maji hayo yote, yaliyoingilia omo na yaliyoingilia tezi, hufuata mteremko wa mbao mpaka kwenye mkuku, kisha hukusanyika pale palipo chini kuliko pote. Ngamani.

Kwa hiyo ngama ina kazi mbili zinazogombana. Ni mahali pa mali, na ni mahali pa maji. Waingereza, kwa mfano, wana neno moja la tumbo la shehena na neno jingine la sakafu ya chini yanakokusanyika maji machafu, na ndiyo maana mfasiri huchanganyikiwa akiona kamusi inalipa neno ngama maana zote mbili. Hudhani kamusi imekosea. Haijakosea. Katika jahazi hakuna sakafu ya pili inayotenga mzigo na maji; ni tumbo hilo hilo moja, mzigo juu, maji chini, na kazi ya baharia ni kuhakikisha havikutani. Hutandika fito na majamvi juu ya mataruma kabla ya kupakia, ili gunia la kwanza lisikae juu ya maji. Huacha pia nafasi wazi ya kuyafikia maji hayo. Nafasi hiyo ina jina lake: banduru, kile kishimo cha ngama kinachoachwa bila mzigo ili baharia aweze kuinama na kufua maji kwa ndoo au kata, na kuyamwaga baharini.

Banduru basi imo ndani ya ngama, wala si chumba cha tatu. Na juu ya ngama, pale ambapo chombo kina sitaha kamili, pana tundu la kupitishia mizigo. Hilo ni falka. Wako wanaosema falka wakimaanisha tumbo zima lililo chini ya tundu hilo, na siwalaumu. Anayesimama juu akiteremsha magunia kwa kamba anaona mlango na chumba kama kitu kimoja, na hata wafanyakazi wa bandari za Ulaya huviita vyote viwili kwa jina la mlango. Ila kwa anayeandika, ni vizuri kuvitenga: falka hufunikwa, ngama hujazwa, banduru hufuliwa.

Kufua maji si kazi ya heshima. Ni kazi ya mgongo, ya zamu, usiku na mchana, na maji ya ngama yana harufu nzito, maana humo mmeoza punje za nafaka, magamba ya samaki, maji ya chumvi yaliyolala. Katika mtepe ilikuwa kazi isiyokoma. Mtepe, kwa msomaji asiyeujua, ni chombo cha kale cha pwani hii ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari, zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Viliendelea kuundwa katika visiwa vya Lamu mpaka karne ya 20 ilipokuwa imekwisha kuanza. Mshono ulikipa chombo wepesi wa kujipinda bila kuvunjika kikigonga fungu, lakini ulikipa pia matundu mengi ya kupitishia maji, na mabaharia wake waliishi na ndoo mkononi.

Hapa tuirudie methali. Tezi na omo hazikutajwa kwa ajili ya vina. Chombo kinapopanda wimbi, omo huinuka na maji ya ndani hukimbilia tezi. Kinaposhuka, tezi huinuka na maji hukimbilia omo. Huko na huko, huko na huko, safari nzima. Wimbi likitulia, maji yote yako pale pale. Mimi naisoma methali kwa jicho hilo la maji, na naona inazidi uzito. Mtu pia ni hivyo chomboni: anaweza kwenda mbele kutazama upepo, akaenda nyuma kuzungumza na nahodha, lakini zamu yake ikifika atashuka kuinamia banduru kama wenzake. Weka "feulini" badala ya "ngamani" na methali inakufa. Feuli ni mahali pa wachache, pa nahodha na serahangi wake, yule mkuu wa mabaharia. Maji yakifika feulini, hakuna tena marejeo ya kuzungumzia.

Upande wa pili wa tofauti ni uzito, na hapa kidogo hesabu inasaidia.

Mzigo mzito unakaa ngamani kwa sababu ngama iko chini na iko katikati. Uzito ukiwa chini, chombo kikilala upande mmoja hurudi chenyewe. Ukipanda juu, chombo hulala na kuchelewa kurudi, au kisirudi. Kuyumba huko kwa ubavuni ndiko mabaharia wanakokuita mrama, na ndiko tulikotoa usemi wa mambo kwenda mrama, ingawa wengi tunaoutumia hatujawahi kuusikia mguuni. Chombo kisicho na shehena huyumba zaidi, kwa hiyo nahodha hutia farumi ngamani, mawe au mchanga, ili kipate uzito wa chini. Farumi ni mzigo ambao hakuna anayeulipia nauli, lakini bila ya farumi hutaiona bandari.

Feulini mambo ni kinyume. Feuli iko mbali na katikati, na kitu kilicho mbali na katikati kina nguvu ya kuinamisha kuliko uzito wake. Chukua jahazi ambalo kutoka katikati mpaka feuli pana mita 8. Ukiweka kilo 500 huko nyuma, zinainamisha chombo sawa na tani 4 zilizowekwa mita moja tu kutoka katikati. Tezi inazama, omo linainuka, na chombo hakiukati tena upepo vizuri. Ndiyo maana feuli ni ya vitu vyepesi na vya thamani. Nahodha anayekubali kuificha feulini shehena ya ziada ya rafiki yake anajidanganya: gunia halijui kwamba limefichwa.

Maji ya ngamani yana hatari yake pia katika hesabu ya uzito, na ni hatari inayodharauliwa. Chukua ngama yenye sakafu ya mita 10 kwa mita 3. Maji ya kina cha sentimita 10, ambayo hayafiki hata nusu ya muundi, ni mita za ujazo 3, na kwa kuwa maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya mtoni, hizo ni zaidi ya tani 3. Lau zingekuwa tani 3 za mawe, zingetulia. Maji hayatulii. Chombo kikilala kulia, yote hukimbilia kulia na kukikandamiza pale pale kilipolalia. Gunia la farumi humsaidia nahodha. Maji yenye uzito huo huo humpinga.

Kisha kuna yale ambayo maji huyafanya kwa shehena. Chumvi huyeyuka ikaisha. Saruji huganda ikawa jiwe humo humo ndani. Mchele na maharage hunywa maji na kuvimba, na ngama ikiwa imeshindiliwa nafaka hiyo, mvimbo wake unaweza kusukuma mbao za ubavuni. Chokaa mbichi ndiyo inayotisha kuliko zote: ikipata maji hutoa joto kali, na joto hilo linaweza kuwasha magunia, makuti na mbao. Hebu fikiria moto ulioanzishwa na maji, ndani ya chombo cha mbao, katikati ya bahari. Mtu aliyewahi kubeba chokaa huiangalia banduru yake kila baada ya muda mfupi.

Boriti za mikoko ndizo shehena iliyopatana na ngama kuliko nyingine. Haziyeyuki, hazivimbi, na maji ya chumvi ndiko zilikozaliwa. Kwa vizazi vingi majahazi ya Ghuba yalikuja na upepo wa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, yakarudi na kusi ngama zikiwa zimejaa boriti za Lamu na za delta ya Rufiji, zikaezekee nyumba za Kuwait, Bahrain na Oman, nchi ambazo miti ya kujengea ni adimu. Alan Villiers, baharia kutoka Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait msimu wa 1938 hadi 1939, akashuhudia mabaharia wakipakia boriti Rufiji katika matope na mbu. Kazi ya kupakia boriti ni ya kupanga, si ya kutupa: ndefu na nzito chini kufuata mkuku, nyembamba zijaze mianya ya mbavu, na banduru iachwe wazi. Ukiiziba banduru kwa boriti, utaifukua wapi tena ukiwa safarini?

Nije kwenye meli za chuma, kwa sababu kuna wanaosema maneno haya ni ya majahazi na yafe na majahazi. Sikubaliani nao hata kidogo. Meli ya nafaka inayotia nanga Mombasa au Dar es Salaam ina matumbo kadhaa yaliyotengwa kwa kuta za chuma, yanayohesabiwa kuanzia omo: la kwanza, la pili, la tatu. Hizo ni ngama, kwa kila kipimo tulichotaja: zina mzigo wa watu, ziko chini, zinashushwa bandarini. Kila moja ina falka yake juu, yenye kifuniko cha chuma. Na kila moja ina banduru zake, mashimo madogo pembeni mwa sakafu, nyuma, ambamo maji hukusanyika na kuvutwa kwa pampu badala ya ndoo. Kabla ya kupakia ngano, mkaguzi huteremka kuangalia ngama kama ni kavu na safi, na moja ya mahali anapoinama ni kwenye mashimo hayo. Babu wa mtepe angeelewa mara moja anatafuta nini.

Feuli nayo ipo. Nyuma kabisa, karibu na chumba cha mashine za usukani, meli nyingi zina nafasi ya kuwekea kamba, rangi na vipuri. Kwa Waingereza jina lake ni lazareti, neno lenye historia ya kuhuzunisha. Ni jina lile lile la nyumba za kuwatenga wagonjwa, ambazo Venice ilianza kuwa nayo mwaka 1423 kisiwani, wakati wa tauni; nalo limefungamana na Lazaro, yule maskini mwenye vidonda katika Injili ya Luka. Jina la mahali pa kutengwa likaishia kuwa jina la kichumba cha kamba. Feuli yetu haina kumbukumbu hiyo ya tauni, na mfasiri hana haja ya kuileta. Akikuta lazareti katika maandishi ya meli, aandike feuli, na msomaji wa pwani atajua aelekeze macho wapi.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu ngama ambalo ni zito kulitaja, lakini haliepukiki. Kinachofanya chombo kielee si mbao wala chuma, ni hewa iliyofungiwa tumboni. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, haikuzama hapo hapo. Ilielea kifudifudi kwa saa kadhaa kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani, na watu wakasikika wakigonga kutoka humo. Ubavu wa chini ulipotobolewa ili kuwaokoa, hewa ikatoka, na meli ikazama. Waliotoboa walikuwa wanataka kuokoa roho za watu. Lakini kila ninapofikiria kwa nini inafaa mtu wa kawaida ajue tumbo la chombo linafanya kazi gani, tarehe hiyo ndiyo inayonijia.

Siku hizi neno linaloteseka zaidi ni feuli. Majahazi mengi yametiwa mashine ya dizeli, na mashine huwekwa nyuma, ili shafti iende moja kwa moja kwenye pangaboi. Nafasi ya nahodha imechukuliwa na injini. Kasha limepanda juu, hati ziko kwenye mfuko wa plastiki, dira iko kwenye simu. Kijana anayeanza kazi leo hawezi kuoneshwa feuli, kwa sababu mahali pake pananguruma. Kama neno litabaki, litabaki kwa sababu tumelihamishia kwenye meli zilizo nacho bado kichumba hicho.

Ngama imebaki, ila maji yake yamebadilika. Zamani ulikuwa uvundo wa nafaka na samaki. Sasa juu yake kuna utando wa mafuta unaometameta, kwa sababu kila tone la dizeli na oili linalodondoka kwenye mashine hufuata mteremko ule ule wa mbao mpaka kwenye mkuku. Meli kubwa zimefungwa na mkataba wa kuzuia uchafuzi wa bahari, uliopitishwa 1973 na kurekebishwa 1978: maji ya namna hiyo lazima yachujwe kwanza, na hayaruhusiwi kumwagwa yakiwa na mafuta zaidi ya sehemu 15 katika milioni. Jahazi la mita 15 halina mtambo wa kuchuja. Lina baharia mmoja, ameinama juu ya banduru alfajiri, ndoo mkononi, na mbele yake mikoko na mwamba wa matumbawe ambamo mkewe au nduguye atashuka maji yakipwa kutafuta pweza.